Kubali Nini?

Mwaka wa 2001 Mzee Francis alikuwa ametoka Meru kumtembelea binti yake Nkatha, nesi, pale Richfield, ng'ambo. Sasa siku hiyo Alvin, kitinda mimba wa Mzee, alikuwa anasoma habari redioni mara ya kwanza. Saa moja jioni kule Kenya, huku ni saa tano asubuhi. Na saa ilishafika nne na nusu, kompyuta waliyotaka kumsikilizia haijatoa hata kikohozi.

Nkatha alizoea kuingia intaneti kwa Explorer. Ukurasa wa redio ulisema tumia Netscape.

"Basi tumia hiyo," Mzee akasema. "Mwenye boma akikuambia pitia mlango wa jikoni, utabisha?"

Netscape ikafunguka. Nayo ikataka plagini, kale kaprogramu ka kuongezea ndio sauti isikike. Likatokea dirisha limejaa maandishi, na chini kitufe cha kukubali.

Nkatha akataka kubonyeza. Mzee akamshika mkono.

"Unakubali nini?"

"Baba, hakuna mtu husoma hiyo! Tutachelewa."

"Mimi shule sikwenda, lakini nilishaweka kidole gumba kwa karatasi ya mpaka sijasomewa, na mti wangu wa parachichi ukaamkia kwa jirani. Soma, mama."

Akasoma akiguna, akiruka mistari, Mzee akimrudisha. Mwisho kabisa kulikuwa na vijisanduku sita, vyote vimewekwa tiki.

"Hizo tiki nani aliweka?"

"Zimekuja hivyo."

"Zimekuja hivyo! Umealika mtu mmoja, amekuja na mashemeji watano. Wanataka nini?"

Nkatha akasoma tena, polepole sasa. Michezo. Video. Mapambo ya skrini. Na intaneti ya siku hizo ilitembea kama kinyonga.

"Kupakua zote kutachukua saa moja na nusu, baba."

"Na sauti peke yake?"

Akatoa tiki tano. "Dakika kumi na sita."

"Hapo sasa kubali."

Ilipomaliza, zilibaki dakika tatu. Spika zikakwaruza, muziki ukapita, halafu: "Mimi ni Alvin..." Ikakwama. Ikarudi.

Nkatha akafunika mdomo, machozi hayo. Mzee akaegemea kiti, akanyoosha miguu.

"Anakimbia sana kusoma. Mpigie simu umwambie apunguze."

"Baba, intaneti inapitia laini hiyo hiyo ya simu. Nikipiga, anakatika."

"Ah! Basi mwache akimbie."