Helikopta ya Pili

"Hizi ni mbili," alisema muuzaji, akizigonga picha kwa ukucha wa kidole gumba. "Dada yangu, hata mimi niliyenyimwa urubani kwa sababu ya macho mabovu, naona. Hii ina mkia mrefu, mwembamba. Hii mkia mfupi, mnene kama guu la kitanda. Mbili hizi."

Mtaa mzima ulimwita Rubani, naye aliitika bila haya, ingawa hata ndege ya abiria hakuwahi kupanda. Duka lake liliuza ndege na helikopta za mfano, za umeme, zilizopunguzwa sawasawa na zile za kweli mpaka zikatosha juu ya meza ya kulia chakula. Kwa mambo hayo hakuwa na mchezo. Alishusha maboksi mawili kutoka rafuni, akayafungua, akaziweka helikopta mbili juu ya kaunta, mkia mrefu kushoto, mkia mfupi kulia. Ya kushoto, alisema, inatulia hewani hata kwa mtu mwenye mikono inayotetemeka. Ya kulia ina mota yenye nguvu zaidi lakini inakula betri kama imetumwa. Zote ni nyeupe, unaweza kuzipaka rangi upendayo. "Sasa wewe niambie, mzee alikuwa anatengeneza ipi?"

Dada aliyeulizwa, fundi wa kamera mwenye duka lake mwenyewe, alikereka kwa kutojua. Alikuja kununua zawadi ya baba yake, jambo la kuingia na kutoka, na sasa amesimama pale anakuna kichwa.

Baba yake alikuwa fundi wa helikopta. Si wa helikopta zote, wa moja. Kampuni aliyoifanyia kazi ilinyunyizia mashamba dawa na ilikuwa na helikopta hiyo tu, naye aliilea tangu siku ilipofika mpaka siku ilipokatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Watoto wake walikua wakisikia habari zake hadi wakaionea wivu. Tangu mama yao afariki, mzee alikuwa na ombi moja: aione tena ikiruka, hata kama ni ndogo. Picha zilizobaki zilikuwa mbili, zote za mkono wa mama yao, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti. Ndizo binti alizozileta kwa Rubani.

Alizirudisha kwenye bahasha, akaenda moja kwa moja kwa baba.

"Baba, kati ya hizi, ipi ni yako?"

Mzee alivaa miwani, akazitazama kwa zamu. "Zote."

"Yaani zilikuwa mbili?"

"Ilikuwa moja. Hii hapa ni yenyewe. Na hii hapa ni hiyo hiyo."

"Lakini mkia, baba. Na rangi. Hii nyeupe, hii kama maziwa yaliyolala."

"Mkia ni ule ule," alisema mzee, lakini sauti ilishaanza kupungua. Alizitazama tena. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

Bahati mbaya kaka mkubwa wa binti alikuwepo. Huyu alikuwa meneja wa ghala, mtu ambaye kila kitu lazima kiwe na rafu yake, na kisicho na rafu humnyima usingizi. Kwa muda sasa alikuwa anasema akili ya mzee imeanza kumchezea. Alikuwa na ushahidi wake: sufuria iliyounguzwa, funguo zilizokutwa ndani ya friji. Alitaka mzee ahamie kwake, chumba kiko tayari, na nyumba hii ifungwe. Mzee hakutaka hata kusikia. Binti alikuwa upande wa mzee, na alikuwa akisema kwamba hata yeye husahau funguo, na hakuna aliyemfungia nyumba.

Kaka alimvuta mpaka koridoni.

"Ya funguo ulinishinda," alinong'ona. "Ya sufuria ukanishinda. Lakini helikopta yake yenyewe, mdogo wangu! Kitu anachokijua kuliko anavyotujua sisi! Hajui tena kama ilikuwa moja au mbili."

Hakusema kwa furaha, na hapo ndipo binti alipoogopa. Angekuwa anashangilia, angemjibu.

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema. "Nikishindwa, atahamia kwako. Sitabisha tena."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na wazo. Lenzi mbili za mama yake zilikuwa dukani kwake, kabatini, kila moja na mfuko wake wa ngozi. Ya kwanza, aliyoinunua ikiwa tayari kuukuu, ilikuwa ndefu na nzito, ya kusukuma na kuvuta kama pampu ya baiskeli. Ukiielekeza chini inajivuta yenyewe kwa uzito. Ya pili, aliyoinunua baadaye, ilikuwa ya kuzungusha, sura mbaya, lakini kali. Zote zilikuwa lenzi za kuvuta vitu vya mbali, na zote zilizeeka. Lenzi iliyozeeka ina visa vyake kama mtu. Kioo hubadilika rangi, kuvu huota ndani, kipande husogea. Kama picha mbili hazifanani, pengine zenye makosa ni lenzi, na mzee amesingiziwa.

Akarudi kwa Rubani, akamwachia kitambulisho, akaazima helikopta zote mbili.

Dukani kwake, sakafuni, palikuwa na alama ya rangi nyeupe. Hapo ndipo ilipokaa miguu mitatu ya kamera, na kila lenzi iliyoingia duka lile ilipimwa kutoka hapo. Ndiyo ilikuwa amri yake ya kazi: ukitaka kujua lenzi mbili zinatofautianaje, usisogeze kitu kingine chochote. Wateja walimtania kwamba siku akifa azikwe chini ya alama hiyo. Aliweka helikopta ya mkia mrefu juu ya stuli ng'ambo ya chumba, akaigeuza upande kidogo kama ilivyokaa kwenye picha, akafunga lenzi ya pampu kwenye kamera.

Helikopta ilitokea ya rangi ya maziwa yaliyolala.

Akabadilisha, akafunga ile ya kuzungusha. Nyeupe, safi! Kumbe kioo cha lenzi ya pampu kimegeuka manjano, na rangi ile haikuwa ya helikopta kabisa. Alicheka peke yake, akapiga meza kofi. Baba yuko sawa! Bado mkia tu.

Mkia ukagoma. Kwa lenzi ya pampu, ulikuwa mrefu. Kwa ile ya kuzungusha, ulikuwa mrefu. Alivuta, akarudisha, helikopta ikakua, ikapungua, na mkia ukabaki vilevile, mrefu, mwembamba, kama unamcheka. Akaweka ile ya mkia mfupi, nao ukawa mfupi kwa zote mbili. Akazifungua lenzi, akatazama ndani kwa tochi, akasafisha, akazifunga, akarudia. Kila lenzi ilisema ukweli. Miaka yote alikuwa anazitafuta lenzi makosa ili azirekebishe, na leo alikuwa anaziomba ziwe na kosa, nazo zinamkatalia.

Alikaa kwenye stuli, helikopta mapajani, kichwa kimejaa moshi. Hakuelewa chochote. Rangi ilimtetea mzee, mkia ulimshitaki. Mtu anaweza kuwa nusu amesahau? Au kulikuwa na helikopta mbili kweli, na baba akaifuta moja kichwani, na siku moja atamfuta yeye? Alipofika hapo aliacha kufikiri, akafunga duka.

Jumamosi alikwenda na mkoba wa kamera na boksi la helikopta ya mkia mrefu, kwa sababu Rubani alisema kwa vyovyote hiyo ndiyo inayomfaa mzee. Kaka alishafika. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa shati la kutokea, viatu miguuni, kama mtu anayesubiri kuchukuliwa. Binti aliviona vile viatu, akalikumbatia boksi.

"Haya, fundi," alisema kaka, taratibu. "Lenzi zinasemaje?"

"Rangi ni ya lenzi," alisema. "Baba alikuwa sawa kwenye rangi." Akaliweka boksi chini. "Mkia si wa lenzi. Nimezipima kila namna. Mikia ni miwili."

Mzee alitingisha kichwa kukubali, upesi mno, kama mtu anayetaka kuwapunguzia watu kazi.

"Basi zilikuwa mbili," alisema. "Nyinyi mna macho. Zilikuwa mbili."

Afadhali angebisha. Binti alitamani mzee ampigie kelele, amwite mjinga. Mzee alichukua picha ya mkia mfupi kutoka mezani, akaisogeza karibu na pua.

"Ila hii mama yenu aliipiga akiwa nje ya uzio," alisema, kama anajisemea.

"Nje ya uzio wapi?"

"Nje, barabarani. Tulikuwa hatujajuana. Gazeti lilimtuma, mlinzi akamkatalia kuingia. Mimi nimepanda juu ya injini, naona dada mmoja kule mbali, kaegemeza bomba la kamera yake kwenye waya, ananiangalia. Nikamwambia mlinzi, we bwana, mwache huyo, atachubuka." Alitabasamu kidogo, kisha akashika ile nyingine. "Hii ni mwaka uliofuata. Alishazoea kuniletea chakula. Alikuwa amesimama pale, karibu, kama kutoka hapa mpaka kwenye huo mlango. Alikuwa ananigombeza niache kula kwa mikono ya grisi."

Fundi wa kamera alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Jambo lenyewe kila mpiga picha analijua, na yeye alilijua pia, ila alilijua kama mtu anavyoijua njia asiyoipita. Miaka yote alikuwa amesimama kwenye alama moja.

Alitoa helikopta ya mkia mrefu, akaiweka juu ya meza, akaigeuza upande kidogo. "Mtu asiiguse," alisema. Akachukua kamera na lenzi ya pampu, akatoka mlangoni, akavuka uwanja, akafika getini, akaigeukia nyumba. Akaivuta lenzi mpaka mwisho.

Kupitia mlango uliokuwa wazi, mezani kwa baba yake, palikuwa na helikopta ya mkia mfupi, mnene kama guu la kitanda. Panga la nyuma, lile dogo la mkiani, lilikuwa limesogea mbele, limebanana na kichwa, kama mtu kaisukuma kwa nyuma ikajikunja. Alifumba jicho, akafumbua. Ilikuwa bado pale.

"Kaka! Njoo! Njoo haraka!"

Kaka alikuja, akainama kwenye kamera.

"Umebadilisha helikopta," alisema.

"Nani kabadilisha? Nenda kaangalie mezani."

Kaka alikwenda, akaitazama, akarudi mlangoni na uso wa mtu aliyekuta bidhaa moja kwenye rafu mbili. Binti alirudi ndani, akasimama karibu na meza, akairudisha lenzi iwe pana kadiri ilivyoweza. Akampa kaka kamera. Kichwa cha helikopta kilikuwa kikubwa, na mkia ulikimbilia nyuma, mrefu, mwembamba.

"Lenzi ile ile," alisema. "Helikopta ile ile. Niliyesogea ni mimi. Ukipiga kwa mbali mkia hujibana na kichwa, ukipiga kwa karibu hurefuka. Na mama naye alisogea." Akamgeukia mzee. "Baba, ilikuwa moja. Ulisema tangu mwanzo, na hatukukuamini. Nisamehe."

Kaka alivuta kiti, akakaa mbele ya mzee. "Huhami, baba," alisema. "Vua hivyo viatu. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka."

Walimtazama, wakisubiri afurahi. Binti alikuwa tayari amekamata rimoti, betri imeshachajiwa, akitaka kumpa mzee airushe hapo hapo uwanjani.

Mzee hakuipokea. Alikuwa amekunja uso, anatazama picha moja, kisha nyingine, kama mtu anayetafuta mlango ndani ya ukuta.

"Ilikuwa moja," alisema.

"Moja, baba."

"Sasa mbona ya pili nimeshaikumbuka?"

Binti aliishusha rimoti.

"Tangu mliponiuliza nimekuwa nikikaa hapa naitafuta," alisema mzee. "Nilijiambia, watoto wangu hawawezi kunidanganya, na mmoja kazi yake ni picha. Basi nikaitafuta. Mwanzoni hamna kitu. Lakini juzi nikaipata. Ina viti vya kijani. Mlango wa kushoto unakwama, lazima uusukume kwa goti. Niliwahi kuumia goti kwa mlango ule." Akalishika goti lake la kushoto, akalibonyeza, kama bado linauma.

"Baba," alisema kaka kwa upole, "hiyo haikuwepo."

Kaka na dada walitazamana, na hakuna aliyejua kama hiyo ndiyo akili inayoanza kumchezea mzee, au ni wao waliomchezea.

"Nimesikia," alisema mzee. Aliziweka picha mezani, akawageukia wanawe mmoja baada ya mwingine, na machoni hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anauliza kweli. "Sasa niambieni nitaisahauje."