Seli za Dada

Miaka kumi na moja, jamani, mtafiti huyu alizilea seli za ini kwenye vichupa kama mama aliyejifungua mapacha, akitafuta kipande cha kumpandikizia mgonjwa. Na sasa mgonjwa alikuwa mdogo wake mwenyewe, kitinda mimba wao, aliyelazwa macho ya manjano na tumbo limejaa maji.

"Dada, ini langu bado tu?" alizoea kumtania. "Au umelisahau jikoni?"

Asubuhi hiyo yalirudi majibu ya kipimo cha vinasaba, kipimo alichokiahirisha mwaka hadi mwaka kwa kujiamini kupita kiasi. Seli zile hazikuwa za ini hata kidogo. Zilikuwa za saratani ya kibofu, zilizokuzwa na mwenzake wa meza ya pili. Alikumbuka kwamba mwaka wa kwanza, kwa haraka zake, alitumia mrija mmoja kulishia vichupa vya meza zote mbili. Tone moja lilitosha. Saratani ilizaana, ikazimaliza za ini, na yeye akawa anaishangilia kwa jinsi inavyostawi.

Alikwenda wodini ameazimia kusema ukweli. Mdogo wake akamshika mkono.

"Seli zinaendeleaje, dada?"

Dada akamwekea mto vizuri.

"Zinakua," akasema. "Zinakua haraka mno."

Mdogo wake akamgeukia muuguzi, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Si nilikwambia? Huyu ndiye dada yangu."