Saumu ya Shukrani

Mtu asije akamwambia Bi Mwanaamina kwamba hajui kutunza mjamzito. Tangu Shamimu arudi kwao Mikindani kungojea uzazi wa kwanza, alichemshiwa maji ya kuoga, alichambuliwa miiba ya samaki, na habari mbaya zote ziliishia mlangoni. Jirani aliyekuja kutaja msiba alikatwa kauli kabla hajakaa.

Siku waliyokwenda hospitali Mtwara mjini kwa ultrasaundi, Shamimu alikuwa na hofu. Nesi wa zahanati alishasema kichwa cha mtoto kimezidi ukubwa kidogo. Ndani ya bajaji akaweka nadhiri, mama yake akisikia: mtoto akionekana salama, atafunga siku tatu kumshukuru Mungu.

Daktari Yasmini alikaa sana kwenye kichwa. Skrini iliwaelekea yeye na Bi Mwanaamina, Shamimu hakuiona. Katikati ya ubongo palikuwa na doa jeusi la mviringo. Daktari alipobonyeza kitufe, doa likajaa rangi nyekundu na buluu, zikizunguka kama kanga mpya inayochuja ndani ya beseni. Kisha Shamimu akaruhusiwa kuinuka, akakimbilia chooni.

"Mama, lile doa ni mshipa," daktari alisema. "Umetanuka kwa sababu damu inauingia kwa nguvu, haipiti njia yake. Ni tatizo la nadra sana, na moyo wa mtoto umeanza kuelemewa. Inabidi azaliwe Dar es Salaam, kwenye wataalamu. Matumaini yapo, ila uchungu usimkute binti yako huku. Akirudi nitamweleza."

"Nitamweleza mwenyewe nyumbani."

"Ni haki yake kusikia kwangu."

"Mimi ndiye mama yake. Ukimwambia hapa, presha itampanda hapahapa."

Daktari angebisha, lakini aliitwa chumba cha upasuaji. Aliondoka akisisitiza kwamba warudi wiki hiyohiyo kupanga safari.

Shamimu akatokea, akijifuta mikono. "Wamesemaje, mama?"

"Mzima," Bi Mwanaamina alijibu. Neno lilimtoka bila shida, kama anavyojibu salamu barabarani.

Alikusudia kusema ukweli baada ya chakula, halafu baada ya usingizi, halafu kesho. Nadhiri alikuwa ameisahau kabisa. Kesho yake kabla ya alfajiri alisikia sufuria jikoni, akamkuta binti yake anakula daku.

"Mjamzito halazimiki kufunga," alisema.

"Nimeahidi, mama. Mungu kanipa mtoto mzima, mimi nimnyime siku tatu?"

Bi Mwanaamina akamwongezea wali, akakaa kumtazama akila. Aliona aibu hata masikio yakamwaka moto.

Siku ya pili midomo ya Shamimu ilikauka, lakini uso ulikuwa na raha. Alikunja nguo za mtoto huku akizungumza kwa simu na mumewe, Kassimu, aliyekuwa zamuni kwenye mtambo wa gesi Madimba. "Mzima, daktari kasema," alimwambia. Uongo ukafika Madimba bila nauli. Bi Mwanaamina akaingia jikoni, akaketi juu ya mbuzi ya nazi, akalia. Binti yake angekuwa anamwombea mtoto wakati huu, na yeye amemfanya ashukuru. Anashinda na njaa kwa ajili ya neno ambalo Mungu hakulisema wala daktari.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, alijaza bilauri maji, akaiweka mbele ya mwanawe.

"Kunywa, mwanangu. Nimekudanganya."

Akaeleza yote: doa, mshipa, moyo, Dar es Salaam.

"Uliliona kwa macho yako?" Shamimu aliuliza.

"Nililiona."

Shamimu alikunywa maji yote, taratibu. Kisha akampigia Kassimu aje.

Asubuhi iliyofuata walikuwa tena kwenye korido ya hospitali. Jina lilipoitwa, Kassimu alisimama, na Bi Mwanaamina akabeba mkoba, akawafuata.

"Wewe utungoje hapa, mama," Shamimu alisema. Alisema kwa adabu, akaupokea mkoba kwa mikono miwili.

Mlango ukafungwa. Bi Mwanaamina akarudi kwenye benchi. Mama mmoja aliyekaa pembeni, mwenye mtoto mgongoni, akamwuliza kama watu wanavyoulizana hospitali, "Mgonjwa wako anaendeleaje?"

Midomo ilimfunguka kwa mazoea, kisha ikasita.

"Sijaambiwa," alisema.