Nyumba Isiyoagwa

Filomena Bettencourt alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu ya jikoni kwa brashi, mabegi yake yako tayari mlangoni, wakati Zoran, msimamizi wa jengo, alipopita kumwambia asijisumbue. Wiki ile ile mafundi wangeing'oa sakafu yote. Filomena akajibu kwamba kwao, visiwa vya Azori vya Wareno, mtu hamwachii mwenzake uchafu, hata mwenzake akiwa mwenye nyumba. Akaendelea kusugua.

Mwenye nyumba, Bwana Haslett, alilinunua jengo wakati majani yanapukutika, na kabla theluji haijakaa vizuri akagundua kwamba mabomba yameoza na hayatengenezeki watu wakiwa ndani. Mabomba hayakuwa na neno. Tatizo lilikuwa Filomena, mjane aliyezeekea humo, ambaye kodi yake ya zamani ilikuwa nusu ya ile ambayo mgeni angetozwa.

Lakini mji ule wa viwanda vya chuma, kando ya ziwa, ulikuwa na sheria yake ndogo, na Filomena aliiamini kama anavyoiamini misa. Mwenye nyumba sharti awe na kibali na cheti cha mhandisi. Mpangaji atatoka kwa muda tu, kisha atarudi katika nyumba yake ile ile, kwa kodi ile ile. Haslett akapata kibali, akamleta mhandisi aliyegonga mabomba kwa kidole kimoja na kutikisa kichwa. Kila kitu kikawa halali. Uhalali huo ndio uliomtia Filomena kichefuchefu.

Basi kwa hasira akafanya kosa. Mamake alimfundisha kwamba anayehama kwa muda huiaga nyumba: huweka kiganja ukutani, akaiambia imngoje. Filomena alifunga mlango, akashuka ngazi kimya.

Mpwa wake Delio, fundi wa mapaa, alimtandikia kitanda katika banda la gari nyuma ya kwake. Jiko la ile nyumba ndilo lililotangulia kumfuata. Asubuhi Delio aliingia kutafuta koleo la theluji akakuta sinki limeshika ukuta na maji ya moto yanatoka.

"Shangazi, hili umelitoa wapi?"

"Limekuja lenyewe. Sikuiaga nyumba."

Delio akachukua koleo lake akaenda kuzoa theluji. Kesho yake likaja bafu, kisha ukumbi na ubao wake unaolia, mwisho sebule. Dirisha la sebule liliendelea kutazama mabomba ya moshi ya viwandani kutoka ghorofa ya tatu, ingawa banda lilikuwa chini kabisa. Delio alinung'unikia jambo moja tu, kwamba sasa gari lake lingelala nje kwenye barafu.

Kule jengoni mafundi walifungua mlango wakakutana na upepo. Wakakaa kizingitini kula mikate yao, miguu ikining'inia. Zoran akapiga simu, akimwita Dona, yaani Bibi kwa Kireno.

"Dona Filomena, fanya hisani uirudishe. Vijana hawana cha kuvunja."

"Sikuibeba mimi, Zoran. Ina miguu yake."

Hata hivyo alijaribu. Aliweka kiganja ukutani akaisihi irudi, maana yeye mwenyewe alitaka kurudi kuliko alivyotaka kitu chochote. Kule ndiko alikojua kikohozi cha kila jirani, na kanisa lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Nyumba haikusogea. Ndipo akaenda kwenye ofisi ya mji kudai haki yake.

Mji ukamtuma Bi Whitlow, mama mpole mwenye futi ya chuma. Alipima vyumba, akafungua maji, akayafunga.

"Hii ndiyo nyumba yako?"

"Ndiyo."

"Kuta ni zile zile?"

"Zile zile."

"Basi umesharudi."

"Nimerudi wapi, binti? Hili ni banda la gari la mpwa wangu."

Bi Whitlow alieleza, bila haraka, kwamba sheria humrudisha mpangaji nyumbani kwake. Haisemi nyumba iwe wapi. Na kwa kuwa ghorofa ya tatu sasa ilikuwa na shimo tupu, chochote ambacho Haslett angejenga pale kingekuwa kipya, na kipya hakina kodi ya zamani. Akashukuru kwa kahawa. Wenyewe husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa mji ule ulikuwa na meno upande mmoja, tena umepakwa mafuta.

Haslett naye akatuma salamu: kwa vile Dona Filomena bado anaishi katika nyumba yake, kodi itaendelea kama kawaida.

"Unamlipa yule fisi kodi ya banda langu?" Delio aliuliza.

"Banda ni lako. Nyumba ni yake. Nisipolipa, watanitoa na huku."

Baada ya Pasaka, Waazori wa mji ule hulizungusha taji la Roho Mtakatifu nyumba kwa nyumba, na mwaka huo kura ilimwangukia Filomena. Majirani wa zamani walilileta wakiimba, wakikanyaga matope ya theluji iliyoyeyuka, wakaliweka juu ya kabati. Alipika supu ya nyama yenye majani ya mnanaa, akaimwaga juu ya mikate, akauacha mlango wazi. Katika sikukuu hiyo anayeingia hupewa bakuli, haulizwi yeye ni nani.

Akaingia Haslett. Alikuwa amekuja kuangalia mali yake. Watu wakasogea, akapata nafasi kwenye benchi. Alikula mpaka akafuta bakuli kwa mkate, kisha akautazama ukuta kati ya jiko na sebule. Akasema ukivunjwa ule, mwanga utaingia vizuri, ila itabidi Filomena atoke kidogo.

"Utarudi, bila shaka," alisema. "Sheria iko wazi."

Filomena alichukua upawa akamwongezea supu, na pande la nyama lililonona, kwa kuwa siku ile hanyimwi mtu. Alingoja mpaka Haslett alipoanza kutafuna. Kisha akaingia bafuni, akafungulia maji ili wageni wasisikie, akatapika.