Kengele ya Chumba cha Kutu

Mimi upweke siujui. Nitie popote, hata kwenye foleni ya hospitali, muda si muda utakuta watu wameshika mbavu. Shuleni mwalimu wa hesabu alinitoa nje kwa kuchekesha darasa, nikaenda kumchekesha mpishi. Kazini wananiita Redio, na sijawahi kulalamika. Redio ikiwaka, yupo anayeisikiliza.

Sasa ichukue hiyo redio uivalishe kofia ya kupigia mchanga.

Kwa asiyejua, karakana yetu inasafisha vyuma vya madaraja na matangi kabla havijapakwa rangi. Unaingia kwenye chumba cha mabati mazito, mlango unafungwa nyuma yako, unashika bomba linalotema punje za chuma kwa kasi ya kutisha, na kutu inabanduka. Tunaita kupiga mchanga, ingawa mchanga wenyewe ulishapigwa marufuku, kwa kuwa vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki. Bomba lina kishikio. Ukikiachia tu, punje zinakatika. Mwilini una suti nene, glavu za ngozi mpaka kwenye viwiko, na kofia kubwa yenye kioo mbele na kitambaa kizito kinachoshuka hadi kifuani. Hewa ya kupumua inakujia kwa mpira kutoka nje. Ndani ya kofia ile humsikii mtu. Unasikia hewa ikivuma masikioni na punje zikigonga chuma, basi. Utani wangu mzuri kuliko wote niliutunga mle ndani, na ukafia mle ndani.

Nje yupo Baba Mapacha. Hairuhusiwi mtu kupiga mchanga bila mwenzake nje, na mwenzangu ni yeye. Anaangalia kompresa inayosukuma ile hewa, chujio lake na mtungi wa punje, halafu anasimama kwenye dirisha dogo. Zamani alikuwa mbeba vyuma, mgongo ukamharibikia, ndiyo maana akawekwa pale. Ni mtu wa maneno machache. Akifurahi sana anasema, "Haya."

Chumbani kuna kamba. Ukiivuta, kengele inalia kwake, naye lazima azime mashine, apunguze presha, asubiri feni zivute vumbi, ndipo afungue mlango. Ni kamba ya shida tu.

Mara ya kwanza niliivuta kihalali kabisa. Mkanda wa kofia ulikatika. Baba Mapacha akaja, akanivua, akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuushona ule mkanda. Nikaona nisimwache ashone kimyakimya. Nikamwigiza msimamizi wetu anavyokimbilia simu yake ikiita, tumbo mbele, yeye nyuma. Mzee akacheka mpaka sindano ikamchoma.

"Redio, we utaniua!"

"Nikuue halafu mapacha nilee mimi? Ishi tu."

"Haya," akasema, anajifuta machozi.

Nilirudi ndani nikiwa mwepesi kama sijavaa ile suti.

Jioni narudi kwenye chumba nilichopanga. Kitanda, jiko, ndoo, na ukuta ninaochangia na jirani mwenye televisheni. Sura yake siijui. Vichekesho vyake vikianza naegemea ule ukuta, watu wa kwenye televisheni wakicheka na mimi nacheka, ingawa nusu ya maneno hayanifikii. Mama akipiga simu swali lake ni lilelile.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Na nani?"

"Na watu, mama! Wamejaa hapa, subiri niwanyamazishe."

Jirani akaongeza sauti wakati huohuo, Mungu ambariki.

"Ee, nawasikia," mama akasema. "Wasalimie."

Nikausalimia ukuta.

Mara ya pili nilipovuta kamba hakukuwa na mkanda uliokatika. Hakukuwa na kitu. Niliweka bomba chini, nikaivuta. Baba Mapacha alipofungua mlango nilihitaji neno la kumwambia, likanitoka la kwanza lililokuja: "Hewa inanuka mafuta."

Nilimwona anabadilika uso. Kompresa ikichemka kupita kiasi mafuta yake yanaungua, na ile hewa inaweza kumlaza mtu ndani ya kofia kabla hajajua analala. Pale kazini hilo hakuna anayelitania. Akapachika mpira puani kwake akavuta, kisha akafungua chujio akaweka jipya.

"Mbona mimi sisikii harufu?"

"Pua yako imestaafu, mzee. Haijakuaga tu."

Akatabasamu kidogo. Tukakaa kwenye ndoo. Nikamuuliza mapacha wanaendeleaje, akanieleza yupi anauma wenzake na yupi analia kwa niaba ya aliyeumwa. Ilikuwa nusu saa tamu.

Kesho yake nikaivuta tena, na kwa uvivu wa akili nikasema lilelile.

Safari hii alikuja Mama Usalama. Ndiye anayesimamia usalama wa karakana nzima, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Alipima hewa kwa kifaa chake mbele ya kompresa, wapiga rangi wakiwa wamesogea kutazama.

"Hewa hii ni safi," akasema. "Lakini hii ni ya sasa hivi, si ya muda ule. Mtu akilalamika mara mbili, sisubiri ya tatu azirai. Baba Mapacha, kama chujio linakushinda, unatoka hapa leo. Uani wanahitaji wabebaji."

Kila mtu aliutazama mgongo wa Baba Mapacha. Uani asingemaliza wiki. Kumpeleka uani ilikuwa kumrudisha nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Mama Usalama akanigeukia. "Mwanangu, hebu eleza. Ilinuka nini?"

Hapo ndipo pangetosha kusema: haikunuka. Neno moja tu. Lakini wote walikuwa wananitazama, wametulia, wanasubiri.

"Mama, ilinuka kama shemeji yangu akitoka gereji."

Mpiga rangi mmoja akacheka. Kile kicheko kilinishuka kifuani kama chai ya moto, nami nikaendelea. "Macho yakaniwasha, magoti yakalegea, nikaanza kuona kamba mbili. Bahati nikashika ile ya kweli."

"Redio," Baba Mapacha akaita.

"Naam."

"Hebu sema tena. Taratibu."

Alikuwa ananifungulia mlango. Niliuona kabisa uko wazi.

"Ndivyo ilivyokuwa, mzee wangu. Samahani sana. Labda chujio."

Akavua glavu zake moja moja, akaziweka juu ya kompresa.

"Una la kujitetea?" Mama Usalama akamuuliza.

Akanyoosha kidole kwenye lile dirisha dogo.

"Mimi pale dirishani kazi yangu ni kumtazama huyu."

"Najua."

"Basi nilikuwa namtazama. Jana kishikio akakiachia, punje zikakatika. Nasubiri kengele, hailii. Vumbi likapungua nikamwona vizuri. Anaongea na ile nguzo ya daraja. Anairushia mikono. Anatoa tumbo mbele, anaikimbilia, anarudi, anaikimbilia tena. Halafu akafanya hivi." Akainama, mgongo ukamkata, akashika kiuno akamalizia akiwa amepinda. "Kama mtu anayepigiwa makofi. Kisha akakaa chini, kichwa magotini. Akakaa sana. Ndipo akavuta kamba. Na leo hivyohivyo."

Mpiga rangi aliyecheka akaangalia viatu vyake.

"Mbona hukuniambia mapema?" Mama Usalama akauliza, sauti imemshuka.

"Nilidhani atasema mwenyewe."

Baba Mapacha akanigeukia. Hakuwa amekasirika; heri angekasirika.

"Na ile nguzo," akaniuliza, "ilicheka?"