Kaburi la Nesta Ndani ya Uzio

Kijijini kwetu Porth Gadno tuna kituo cha nyuklia ambacho hakijawasha hata balbu moja tangu kabla sijazaliwa, na bado ndicho kilichokuwa kikitulisha. Wenzetu hula kwa kujenga. Sisi tulikula kwa kubomoa, tena polepole, maana mbomoaji mwenye haraka hujifukuza kazi mwenyewe. Baba yangu, Idwal, alikuwa mlinzi wa lango. Mimi nilipomaliza sekondari nikachukuliwa kupanga takataka. Mama mmoja pale dukani aliniuliza kama nimesomea kazi hiyo. Nikamwambia ndiyo, chumba changu cha kulala kilikuwa chuo.

Sheria ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa hii: chochote kikishavuka uzio, kikitoka ni taka ya nyuklia mpaka ithibitishwe kwamba sivyo. Na kuthibitisha ni ghali kuliko kukifungia. Kwa hiyo hakuna anayethibitisha. Ufagio unaingia ukiwa ufagio, unatoka ukiwa tatizo la taifa, unatiwa kwenye pipa la chuma, pipa linamiminiwa zege, na mlipa kodi kule mjini anayelalamikia bei ya maziwa hajui kwamba amelipia mazishi ya ufagio, tena ya heshima kuliko atakayopata yeye.

Sasa, ndani ya uzio huo kuna makaburi. Zamani, kituo kilipokuwa kinajengwa, mchoraji aliona uzio ulionyooka ni rahisi kuliko uliopinda, akapitisha mstari mbele ya kanisa letu la Seion badala ya nyuma yake. Kanisa likavunjwa. Makaburi yakabaki upande wa ndani, na kuzika kukakoma. Nimewahi kupita pale na kifaa changu cha kupimia mionzi: kilitulia kama paka aliyeshiba. Kinalia zaidi kwenye ngazi za mawe za posta. Lakini kwenye ramani pale ni ndani, na ndani ni ndani.

Kati ya makaburi hayo kuna dogo la Nesta, dada yake Baba, mtoto wa kwanza wa Bibi Morfudd. Alifariki kabla hajajua kutembea. Walipokuja kuchukua eneo, bwana mmoja mwenye kofia alimwambia Bibi kwamba kituo kitafanya kazi umri wa mtu mzima mmoja, kisha kitabomolewa, nyasi zitarudi, naye atazikwa kando ya mwanawe akitaka. Bibi akaamini.

"Ulimwaminije, Bibi?" nilimuuliza siku moja.

"Alikunywa chai yangu mara mbili, na mkate wa zabibu akaomba tena. Mtu wa namna hiyo anakudanganyaje?"

"Ndiyo wanavyodanganya, Bibi. Kwa tumbo lililojaa."

"Nyamaza wewe. Ungekuwepo ungemwongezea siagi."

Babu hakuwa na shida ya kaburi. Alichomwa, na majivu yake yakamwagwa uwanja wa mpira, golini upande wa bahari, kwa matakwa yake mwenyewe. Tangu hapo golikipa wetu anafungwa akisema amepofushwa na marehemu. Lakini Bibi alitaka kitu kimoja tu duniani: kulazwa kando ya Nesta. Alikuwa hataki salamu za siku ya kuzaliwa wala kiti cha magurudumu. Ukimuuliza umletee nini kutoka mjini, anasema, "Niletee tarehe ya kubomoa uzio."

Kila Jumapili ya Maua, ile ya kabla ya Pasaka ambayo huku kwetu watu husafisha makaburi ya wazee wao na kuyapamba, kituo kiliwaruhusu wenye maiti zao kuingia. Bibi alivalishwa kofia ngumu juu ya kofia yake ya kanisani, akabandikwa beji ya kupima mionzi kifuani, na Baba akamfuata nyuma kama mlinzi wake, kwa sababu huo ndio utaratibu. Mimi kazi yangu ilikuwa kukusanya maua makavu ya mwaka uliopita na kuyatia kwenye mfuko wa manjano, maana yalikuwa yamelala ndani.

"Yanakwenda wapi?" Bibi aliuliza mara ya kwanza aliponiona.

"Kwenye pipa, Bibi. Halafu zege. Halafu ghala."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nchi ipate mahali pa kuyazika."

Akacheka mpaka kofia ngumu ikamwangukia machoni. "Kumbe maua yangu yatazikwa na serikali, mimi mwenyewe nisizikwe! Idwal, hebu niambie, shida yenu hasa ni nini? Si mnakataa kitu kuingia halafu kutoka? Mimi nikiingia sitoki."

"Shida si wewe, Mama," Baba akasema. "Shida ni wabeba jeneza."

"Basi wabaki nao. Tuanze na mchungaji."

Mwezi uliofuata akaja Bwana Lovatt, kutoka ofisi ya serikali inayosimamia ubomoaji wa vituo vikuukuu. Alikuwa kijana mwenye viatu vizuri na sauti ya kuombea radhi. Tulikutana ukumbi wa kijiji, chai ikachemshwa, Bi Eluned wa dukani akaleta keki. Bwana Lovatt akaeleza kwamba gharama ya kubomoa imepanda tena, na hazina ya umma haiwezi. Kwa hiyo kinu chenyewe kitafungwa na kuachwa miaka themanini kipoe.

"Na baada ya hiyo themanini nani atalipa?" Bi Eluned akauliza.

"Vizazi vijavyo."

"Wamekubali?"

"Hawajazaliwa, mama."

"Basi hao ndio wateja," akasema Bi Eluned. "Ningekuwa nao dukani ningekuwa tajiri."

Ukumbi ukacheka, na Bwana Lovatt akacheka nao, kwa adabu. Akasema fedha ikiwekwa leo huzaa, kwa hiyo deni la baadaye ni dogo kuliko la sasa. Akachora mstari unaoteremka. Nilikuwa mzuri wa hesabu shuleni, na sikuona kosa kwenye mstari ule. Ubaya ni kwamba mstari ukifika chini kabisa, Bibi yangu atakuwa amekufa zamani sana.

Kisha akasema kuna fungu dogo lililobaki, nalo linatosha jambo moja tu kati ya mawili. La kwanza, uzio usogezwe nyuma ya makaburi, eneo lipimwe na kuthibitishwa kuwa safi, lirudi kwa kijiji. La pili, walinzi wa lango na wapangaji wa takataka waendelee na kazi miaka michache mingine. Serikali inaomba maoni ya wanakijiji. Ameleta karatasi ndogo na sanduku. Kila mtu ataandika kwa siri.

Bibi akasimama. Kila mtu ukumbini alijua anachotaka, na nusu yao walikuwa wamelia naye kwenye kaburi lile.

"Bwana Lovatt," akasema, "weka sanduku lako. Sisi ni watu wa Seion. Mchungaji tulimchagua kwa kuinua mikono, wazee wa kanisa tuliwachagua kwa mikono, hata rangi ya milango tuliichagua kwa mikono. Mtu mwenye neno alionyeshe."

Watu wakapiga makofi. Bwana Lovatt akamtazama kidogo, kisha akalisogeza sanduku pembeni.

Nilijua hesabu ya Bibi. Bibi alimtazama Bi Eluned, ambaye wiki ile ile alikuwa amemuahidi kumuunga mkono kuhusu kaburi. Akawatazama akina mama waliopewa soksi za sufu na Bibi walipojifungua. Nani angethubutu kumnyima kaburi usoni kwake? Kwenye karatasi mtu huweza kuwa mwovu. Hadharani, aibu ingewashika.

Na kweli, aibu iliwashika, ila kwa upande mwingine.

"Wanaotaka uzio usogezwe," akasema Bwana Lovatt.

Bibi akainua mkono. Mimi nikainua. Mzee mmoja kiziwi akainua, sijui kama alisikia swali. Nyuma yangu walikaa walinzi wengine wote wa lango na wake zao, na nikasikia kiti kimoja kikivutwa kando, mbali na changu. Bi Eluned alikuwa ameanza kuinua. Mkono ulifika begani, kisha mke wa mlinzi mmoja akakohoa, mteja wake wa kila siku, na mkono ukaishia kurekebisha kitambaa cha shingo.

"Wanaotaka kazi ziendelee."

Mikono ikaota kama magugu. Nani angebaki na mkono chini huku jirani yake anahesabu nani anataka watoto wake walale njaa? Baba alikuwa wa mwisho. Alitazama sakafu, akainua mkono wa kushoto, ule usiokuwa upande wa mama yake. Kana kwamba asingeuona.

Bibi akaketi. Akachukua kipande cha keki ya Bi Eluned, akakizungusha, akakirudisha kwenye sahani kikiwa kizima.

Wakati wa kutoka, Bi Eluned alimshika mkono. "Morfudd, mpenzi, ungeacha ile karatasi tu..."

"Ungeandika nini?"

"Ningeandika la kwako, Mungu ananiona."

"Basi Mungu hakuwa peke yake," Bibi akasema, "maana mimi nilikuona pia."

Tulipofika mlangoni kwetu ndipo Baba akasema.

"Mama, wenzangu walikuwa nyuma yangu."

"Nami nilikuwa mbele yako, Idwal."

Tuliishi hivyo kiangazi kizima. Bibi hakununa, angenuna tungepumua. Alipika, akafua sare ya Baba, akapiga pasi mikunjo ya mikono hasa, mpaka ikawa inakata. Akimpa chai anasema, "Haya, mlinzi," na Baba anaimeza kama dawa. Mimi nilijaribu mizaha yangu yote. Hakuna aliyecheka.

Vuli ilipoingia, ofisi ya Bwana Lovatt ikatangaza kwamba hesabu zimetazamwa upya. Lile fungu dogo limekwenda kuziba paa la ghala la mapipa, lililokuwa linavuja. Lango litafungiwa kamera, na mtu mmoja mjini, anayelinda vituo vingine pia, atatuangalia kwenye skrini. Walinzi wote waliachishwa kwa shukrani na kikombe chenye picha ya kituo. Wapangaji wa takataka tukafuata. Mimi sikupewa hata kikombe, maana mkataba wangu ulikuwa wa mafunzo ya kazi.

Baba alirudi mchana, akaketi mezani na koti lake. Bibi alikuwa anakata mkate.

"Wewe tu?" akauliza.

"Wote, Mama."

"Na makaburi?"

"Yako palepale. Ndani."

Bibi akaendelea kukata. "Mnadani hata ng'ombe mzee hupigiwa bei, mwanangu. Mimi umenitoa bure."

Baba akafunika uso. Nilitegemea Bibi angemgusa bega, kwa sababu ndivyo akina mama wa kwenye filamu wanavyofanya. Alimsogezea siagi.

Wiki hiyo akamwambia Baba ampeleke halmashauri, nami nikafuatana nao. Makaburi mapya yako kando ya barabara kuu, nyuma ya duka la matairi, yamepangwa kama magari ya kuegesha. Karani, msichana wa rika langu mwenye mafua, alituonyesha sehemu iliyobaki karibu na ukuta. Malori yalipita, Bibi akasubiri yapite ndipo aseme kwamba panafaa.

"Familia nyingi huchukua viwanja viwili pamoja," karani akasema, "kwa sababu cha pembeni kikichukuliwa na mgeni ndiyo basi. Niandike viwili?"

Baba akasogea mezani. Alikuwa ameshatoa kalamu ajiandikie cha pili, na midomo yake imeanza kutamka ndiyo.

"Kimoja," Bibi akasema.