Vivuli vya Mikwaju Tisa

Minza alikuwa akibandua maganda ya ukwaju mlangoni pake, kijijini Dutwa, shemeji yake Ngeleja alipofika na watu watatu wenye mashoka. Ulikuwa mwaka wa pili tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua pamba, na kila mwenye jembe alitaka kulima hadi kizingitini.

"Mayu," Ngeleja alimwita mama kwa heshima, "ngitili ya marehemu kaka, haya malisho yaliyotengwa, naigeuza shamba la pamba."

"Majani ya ng'ombe ni yenu. Mikwaju niliipanda mimi. Ndiyo inayomsomesha binti yangu Nancy."

"Mti hufuata ardhi. Ardhi ni ya ukoo."

Mbegu Minza alizitoa kwao Kimali, akainywesha miche kwa maji ya kichwani viangazi vitatu. Ukoo haukuwahi kubeba hata kata moja. Kufikia saa sita mikwaju yote tisa ilikuwa chini.

Vivuli vyake vilibaki. Asubuhi vililala upande wa magharibi, jioni upande wa mashariki, kama kawaida ya vivuli. Ng'ombe walijilaza humo wakacheua. Ngeleja alipanda pamba, ila ile ya kivulini ikarefuka tu bila kufunga tumba, naye akaenda kushtaki kwa mtendaji wa kijiji.

Mtendaji alivipima kwa hatua. Akaandika kwamba miti haipo, vivuli vipo, na vimelalia ardhi ya ukoo.

"Sasa hivyo vivuli alivipanda nani?" Minza aliuliza.

Mtendaji alifunga daftari, akaomba maji ya kunywa. Haki ya mjane ilikuwa imelala pale mchana kweupe, hata ng'ombe waliiona, na mtu mzima mwenye mhuri akairuka kama dimbwi. Minza alimpa maji.

Msimu wa kuuza ulipofika, mnunuzi alipapenda mahali pale penye baridi. Akasimika nguzo tatu, akatundika mizani. Ngeleja alipewa baiskeli mpya kwa kutoa kivuli, naye akakizungushia kamba ili wakae mnunuzi na wanaume wa ukoo. Wauzaji wengine walipanga foleni juani.

Minza alisimama juani na furushi lake la pamba. Sanduku la shule la Nancy lilikuwa chini ya kitanda tangu Januari, na mwenyewe alikuwa akichuma pamba ya baba yake mdogo.

Mwaka uliofuata vivuli vilipanuka hatua moja, kama ambavyo mikwaju ingepanuka. Ngeleja akaisogeza kamba.